Kisiwa Kina Miguu

"Mjomba, kisiwa kinaelea?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu mdogo. Ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, na maswali yake yanapitia hapohapo penye pengo. Tulikuwa tumekaa uani kwa nyanya yake, hapa Buhehe, Uganda, tunabambua karanga. Dada yake, mwenye miaka kumi, akacheka. Mimi sikucheka. Swali zuri halichekwi.

"Kwa nini unauliza?"

"Mama mdogo anaishi Sigulu. Sigulu ni kisiwa. Kama kinaelea, upepo ukivuma usiku, si ataamka yuko Tanzania?"

Loo! Mnaona mtoto anavyomhurumia mama yake mdogo? Nikaweka ungo wa karanga chini.

"Uliza, mpwa wangu, uliza," nikamwambia. "Swali halilipi nauli. Ila jibu la hili haliko hapa uani. Tutalifuata majini."

Ndivyo safari yetu ilivyoanza. Wengine husafiri kwa sababu ya harusi. Wengine kwa sababu ya biashara. Sisi tulisafiri kwa sababu ya swali.

Tulikuwa watano. Mimi, dada yangu, watoto wawili, na nyanya aliyesema haendi, kisha akawa wa kwanza kufunga kitambaa kichwani. Alibeba kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha. Tuliondoka kungali giza, jogoo wa pili hajawika, kwa boda boda hadi barabara ya lami, halafu kwa gari hadi Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria.

"Mjomba, kwa nini inaitwa boda boda?"

Uliza, mpwa wangu, uliza. Jina hilo lilizaliwa kwetu, mpakani Busia. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakibeba abiria kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili. Mpaka kwa Kiingereza ni boda. Basi wakawa wanaita: "Boda! Boda!" Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki yote. Limefika mpaka miji isiyo na mpaka wowote! Ukilisikia huko, jua ni mtoto wa jirani yetu.

"Na kwa nini tumeamka mapema hivi?" Huyo ni dada mtu, anapiga miayo.

Hongera kwa kuuliza. Chukua sufuria mbili. Moja tupu, moja imejaa maji. Ziweke zote juani. Ipi itakuunguza vidole kwanza?

"Tupu!"

Sawasawa. Sasa nchi kavu ndiyo sufuria tupu. Ziwa ndilo sufuria yenye maji. Mchana nchi kavu inapata moto haraka, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baridi kutoka ziwani inakuja kukaa mahali pake. Ndio upepo wa mchana, unaotoka ziwani na kuinua mawimbi. Usiku mambo yanageuka. Sufuria tupu inapoa haraka, yenye maji inabaki vuguvugu. Upepo unatoka nchi kavu na kwenda ziwani. Kwa hiyo anayetoka alfajiri, upepo unamsukuma mgongoni kama mama anayemsukuma mtoto aende shule. Anayechelewa hadi adhuhuri, upepo unampiga usoni.

"Basi mvuvi anajua mambo ya sufuria," akasema mdogo.

Anajua, mwanangu. Anajua kuliko sisi.

Boti letu lilikuwa la mbao, refu, limepakwa rangi ya samawati, na injini nyuma. Nahodha alimvalisha kila mtu jaketi la kuokoa maisha. La mdogo lilimfika magotini. Nyanya alikataa lake, akisema litaharibu gauni. Nahodha akazima injini, akakunja mikono, akasubiri. Nyanya akavaa.

Nadhani kama boti lile lingepewa mdomo, lingesema hivi:

"Mimi ni mti uliokatwa ukajifunza kubeba. Msiniulize kwa nini ninaelea. Muulizeni nyanya sufuria yake. Akiiweka sufuria tupu juu ya maji ya karai, inakaa. Inayasukuma maji pembeni, na maji hayapendi kusukumwa, yanaisukuma juu. Akitia wali, inashuka kidogo. Akitia mawe, inashuka zaidi. Akizidisha, maji yanapita ukingoni, na sufuria inalala chini ya karai. Nami ndivyo nilivyo. Nipakieni kwa kiasi, nitawafikisha. Mkinizidishia, msinilaumu."

Watu wazima wa kanda hii hawalisikii neno hilo kwa wepesi. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya Tanzania iitwayo MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Mamia walikufa. Kwa hiyo mkimwona nahodha anawakatalia abiria wa mwisho, msimwite mkali. Mwiteni baba.

Tukatoka. Ufuo wa Majanji ukawa mdogo, ukawa mstari, ukawa ukungu. Upande wa kushoto, jua lilikuwa linachomoza juu ya Kenya.

Ghafla mdogo akaruka. "Mjomba! Kisiwa! Kinaelea! Nilisema!"

Na kweli. Mbele yetu palikuwa na kijani kinasogea. Majani mapana, maua ya zambarau, na korongo mweupe amesimama juu yake kama chifu aliyekodi gari.

Hilo ni gugu maji, nikamwambia. Limeshikana, limekuwa kama mkeka. Hata mafunjo ya kando ya ziwa hukatika pande kubwa, yakaenda na upepo. Chini yake mizizi inaning'inia tu kama nyuzi za mkeka. Haigusi chini. Kisiwa cha namna hii hakina miguu. Leo kiko Majanji, kesho kiko Sio Port, upande wa Kenya, na hakipiti uhamiaji.

"Na Sigulu?"

Ngoja, mpwa wangu. Hatujafika.

Upande wa mashariki ilionekana ghuba. Wageni waliipa jina Berkeley. Mto Sio unaingia ziwani hapo, na kabla ya kuingia umekuwa mpaka: ukingo mmoja Uganda, ukingo mwingine Kenya. Mpaka unaendelea ziwani.

Dada mtu akachungulia majini. "Uko wapi? Sioni mstari."

Hata samaki hawauoni. Mpaka uko kwenye ramani, kama vile saa iko ukutani na si kwenye jua. Sisi tunauheshimu, kwa kuwa walinzi wapo na sheria zipo. Lakini samaki wale wadogo wa fedha hupita watakavyo. Wakivuliwa Kenya wanaitwa omena. Wakivuliwa Uganda, mukene. Wakivuliwa Tanzania, dagaa. Samaki mmoja, majina matatu, na kila nyumba hudai wake ndio watamu zaidi.

Upande ule wa Kenya iko Port Victoria. Nikawaambia: pale ni mji uliosubiri treni, treni isije. Mwaka 1892 Waingereza walipima njia ya reli kutoka Mombasa, wakapanga iishie Port Victoria. Baadaye wakaona Kisumu ni karibu zaidi. Reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Port Victoria ikabaki na jina la bandari kubwa na mitumbwi ya wavuvi.

"Masikini," akasema mdogo. "Wangeiambia mapema."

Na kuna la ajabu zaidi. Meli ilifika ziwani kabla ya treni.

"Ilipitia wapi? Kuna mto kutoka Mombasa?"

Hakuna. Ilikuja kichwani. Msicheke! Meli hiyo iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Uingereza, huko Scotland, halafu ikafunguliwa vipande vipande, kama kitanda kinachohamishwa. Vipande vikaja kwa bahari hadi Mombasa. Reli ilikuwa haijafika mbali, kwa hiyo treni ilivibeba hadi mahali reli ilipokomea, na toka hapo wapagazi wakavitia kichwani. Bati, msumari, bomba, bati, msumari, bomba. Nyikani, milimani, mabondeni. Kule Kisumu mafundi wakaiunganisha, na mwaka 1900 ikashushwa majini. Mkisikia watu wakiwasifu walioiunda, wasifuni na wenye shingo zilizoibeba.

Nyanya, ambaye amebeba maji kichwani tangu utotoni, akatikisa kichwa. "Shingo," akasema. "Shingo ndiyo meli."

Kisha Sigulu ikaonekana. Kwanza kama mgongo wa kiboko. Halafu kama kilima. Halafu kilima chenye miti, mabati yanayong'aa, na moshi wa chai ya watu.

"Sasa kiulize mwenyewe," nikamwambia mdogo.

Akakusanya mikono mdomoni. "Sigulu! Unaelea?"

Kisiwa kikajibu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake, na sauti nikaitoa tumboni.

"Mimi? Kuelea? Mtoto, mimi nina miguu! Nilikuwa kilima kabla ziwa hili halijazaliwa. Kaa nikusimulie. Zamani hapa palikuwa nchi kavu. Mito ilipita ikielekea magharibi, kama maji ya mvua uani kwa nyanya yako yanavyoelekea kwenye mfereji. Kisha, kule magharibi, ardhi ikaanza kuinuka. Polepole sana, polepole kuliko kucha yako inavyokua. Ilikuwa ni ile nguvu ya chini iliyolipasua Bonde la Ufa. Mito ikakuta njia imepanda. Maji hayapandi mlima. Yakasimama. Yakarudi nyuma. Yakajikusanya katikati. Hayo yalianza kama miaka 400,000 iliyopita. Maji yakafika vidoleni mwangu. Yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Vilima vifupi vikafunikwa. Mimi nikabaki kichwa na mabega. Ziwa lilipojaa likatafuta mlango, likaupata kaskazini, Jinja. Hapo ndipo linapotokea kuwa Nile na kwenda hadi Misri. Nami mkaniita kisiwa. Lakini mimi ni kilima kile kile. Miguu yangu iko chini ya boti lenu sasa hivi, na imeshikana na Buhehe."

Mdogo akatazama chini ya boti. Akainua miguu yake, akaikunja juu ya ubao, asije akaikanyaga ya Sigulu.

"Chini sana?" akauliza.

Si sana. Ziwa letu ni pana mno, lakini si la kina kirefu. Hata penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80 hivi. Ni sinia, si mtungi. Na kwa sababu ni sinia, linaweza kukauka. Wanasayansi walichimba tope la chini ya ziwa, wakalisoma tabaka kwa tabaka, kama unavyofunua chapati moja moja. Wakakuta kwamba kama miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka. Tope lilikuwa uwanja.

Dada mtu akashika jaketi lake. Akafikiri. "Basi mtu wa wakati ule angetoka Majanji akaenda Sigulu kwa miguu?"

Mmesikia? Mimi sikumwambia. Amelifikia mwenyewe! Hongera, mwanangu. Ndiyo, angetembea. Angepanda Sigulu kama mnavyopanda kilima kutafuta kuni, na asingejua kwamba anapanda kisiwa.

Mama mdogo alikuwa ufukweni, kanga mbili, mikono hewani. Mdogo alimkumbatia kwanza, halafu akamshika mikono. "Usiogope kulala," akamwambia. "Kisiwa chako kina miguu." Mama mdogo akanitazama kutaka maelezo. Nikamwambia ni habari ndefu, tuanze na chakula.

Tulikula samaki, ngege aliyechemshwa na kitunguu na nyanya za sokoni, pamoja na ugali. Baada ya chakula nyanya akasimulia, kwa kuwa kila kisiwa kina siku zake ngumu. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliingia kandokando ya ziwa hili. Huletwa na mbung'o, yule nzi anayeng'ata. Watu wengi sana walikufa. Serikali ya wakoloni ikaamuru watu wa visiwa vya Uganda wahamie bara. Wakaacha nyumba, wakaacha makaburi. Viboko wakalala penye mashamba. Miaka mingi baadaye, watu walirudi.

"Walirudi kwa sababu gani?" akauliza dada mtu.

"Kwa sababu kilima kilikuwa kinawangoja," akasema nyanya. "Kingekuwa kinaelea, wangekikuta wapi?"

Kusini zaidi kuna kisiwa kiitwacho Dolwe. Kina mawe makubwa, mengine yamepandana kama vyungu sokoni. Yako mawe ambayo ukiyagonga yanalia kama kengele. Watu wa kale waliyagonga sana hata yakabaki na vishimo, na kwenye miamba mingine waliacha michoro. Watoto walitaka twende siku hiyo hiyo. Nahodha akatazama jua, akakataa. Dolwe nayo ina miguu. Itakuwepo.

Jioni tulikaa nje. Taa za wavuvi wa mukene ziliwaka ziwani, nyingi, kana kwamba nyota zimeshuka kunywa maji. Dada mtu akauliza swali lake, lile alilolibeba siku nzima.

"Mjomba, Wazungu nao hupanda boti kwenda visiwani kusalimia?"

Uliza, mpwa wangu, uliza. Wanakwenda, ingawa wengi huenda kustarehe. Kuna mji wa bandari wa zamani sana huko Ureno, unaitwa Lisbon. Kutoka huko, mwaka 1497, baharia Vasco da Gama aling'oa nanga. Mwaka uliofuata alifika Malindi, kwetu Afrika Mashariki. Leo meli zinazotoka Lisbon ni za furaha. Ni kubwa kama mtaa. Ndani kuna vyumba, majiko, maduka, hata bwawa la kuogelea.

"Bwawa juu ya maji?" Mdogo alikuwa hajalala kumbe.

Bwawa juu ya maji! Baba, mama, watoto na bibi wanapanda, meli inaingia bahari ya Atlantiki, inakwenda kama kilomita 1,000. Wanalala, wanaamka, bado maji. Mwisho wanaona milima ya kijani. Ni Madeira. Kwa Kireno maana yake ni mbao, maana Wareno walipofika huko zaidi ya miaka 600 iliyopita, waliikuta imejaa msitu.

"Nayo ni kilima kilichozungukwa na maji?"

Hapo ndipo inapotofautiana na Sigulu. Umeona uji mzito unavyochemka? Povu linapanda, linapasuka, linaacha kichuguu. Chini ya bahari ile, moto wa ardhi ulichemka namna hiyo. Mawe yaliyoyeyuka yalitoka, yakaganda. Yakatoka tena, yakaganda. Bahari pale si sinia, ni kisima cha karibu kilomita nne kwenda chini. Mawe yakapandana toka chini kabisa hadi yakatoboa maji, na hayakukoma hapo. Yaliendelea hadi kilele cha kisiwa leo kinapita mita 1,800 juu ya bahari. Madeira haikuzungukwa na maji. Ilizaliwa majini.

Dada mtu akahesabu kwa vidole. "Basi visiwa ni vitatu. Kisicho na miguu, cha gugu maji. Chenye miguu ya kilima, Sigulu. Na chenye miguu ya moto, kile cha Ureno."

Nilikaa kimya. Miaka yote hiyo nimesimulia, na sikuwahi kuvipanga vizuri hivyo.

Tulirudi kesho yake alfajiri, tukaleta nyumbani mukene wa kukausha na mchanga kwenye viatu. Mchana wake mvua kubwa ikanyesha Buhehe. Ilipokatika, ua wa nyanya ulikuwa umejaa, kwa kuwa mfereji umezibwa na majani ya mgomba. Maji yalisimama. Katikati, jiwe la kunolea panga lilikuwa limechomoza kichwa tu.

Mdogo alichutama mbele yake muda mrefu. Mimi nilikuwa nimemwambia jibu haliko uani. Nilikosea. Lilikuwa limelala pale miaka yote, na mimi nanolea panga juu yake.

Kisha akaita. Jani la mgomba lilikuwa limekatika, linaelea, na juu yake sisimizi mmoja. Jani likagusa jiwe. Sisimizi akashuka, akazunguka ukingo wote wa maji, akasimama juu kileleni.

"Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "anajua kwamba jiwe lina miguu?"

"Sidhani," nikamwambia.

Akainama mpaka pua ikakaribia jiwe, akaanza kumsimulia.